Mke wa Susu

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Nikisema hivyo mbele ya watu wasio Wakamba wananitazama kama mtu aliyekunywa kitu asubuhi, kwa hivyo acha nieleze mara moja tumalizane. Zamani kwetu, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto hakuachwa afe pamoja na jina la nyumba yake. Alitoa mbuzi kwenye zizi lake mwenyewe, akaenda kuposa msichana, akamleta nyumbani, na watoto waliozaliwa na msichana yule wakawa wa nyumba ile. Msichana aliyeolewa hivyo huitwa iweto. Mwanamume wa kumzalisha alitoka ndani ya ukoo. Alikuja, akaondoka, na hakuna aliyemwita baba. Sisi tulimsalimia tu kama tulivyomsalimia mzee yeyote wa kijiji.

Na kabla hujaniuliza: hapana. Hapakuwa na mambo ya kitandani kati yao. Ilikuwa habari ya nyumba, shamba na jina. Mume wa mama, kwa hesabu ya ukoo, alikuwa yule mwanamke mzee, nasi tulimwita Susu, yaani nyanya. Mama mwenyewe alimwita Mwaitu, kama mke yeyote wa Kikamba anavyomwita mama mkwe wake.

Boma letu lilikuwa upande wa Kathonzweni, mahali ambapo mvua huja ikipenda na isipopenda haitumi mtu kuomba msamaha. Tulipanda kunde, mbaazi na ndengu, na mahindi kwa ukaidi tu. Susu alikuwa mfupi, mweusi, na ugoro wake aliufunga kwenye pindo la nguo. Maneno yake yalikuwa mengi na hakuyapima. Mama alikuwa mrefu, ana nguvu za punda, na ni mtu wa kutii. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia inuka, ameshainuka.

Alasiri walitwanga muthokoi pamoja. Wewe usiyejua, hayo ni mahindi yanayotwangwa na maji kidogo mpaka maganda yatoke, kisha yanapikwa na maharagwe au mbaazi. Kinu kilikuwa kimoja na michi miwili. Mmoja anashusha, mwingine anainua, na ukikosea kidogo tu unampiga mwenzako kidole. Sikumbuki hata mara moja waliyogongana. Mimi nimeolewa, nimekaa na mume wangu Kitui mjini miaka mingi, na ni mtu mzuri, sina la kulalamika. Lakini nikisema ukweli, sijaona mume na mke waliopatana kama wale wawili.

Miaka ya sitini ilipokuwa inaelekea kuisha, wahubiri walifika sokoni Kathonzweni siku ya soko, na ngoma moja na kinanda cha mkono. Mama alikuwa ameenda kuuza kunde. Akarudi jioni na mzigo wake vile vile, hajauza hata kikombe kimoja, macho yamevimba kwa kulia.

"Mwaitu, nimeokoka," alisema.

"Umeokoka na nini?" Susu akamuuliza. "Kulikuwa na nyoka huko?"

Lakini hakumkataza. Alisema Mungu ni mmoja, majirani ndio wengi. Kila Jumapili alikaa na mbuzi, na sisi watoto wawili, ili mama aende kanisani mapema. Mama alipoanza darasa la ubatizo hakujua kusoma, kwa hivyo majibu yote ilibidi ayameze kwa kichwa. Aliyarudia kwenye kinu. Mungu ni nani, dhambi ni nini, amri ya tano inasemaje, na mchi unashuka. Baada ya muda Susu naye alikuwa ameyashika. Mama akisahau, Susu bila hata kuinua kichwa alimwambia, "Umeruka moja." Mpaka leo mimi nikisikia amri kumi zikisomwa ninazisikia kwa sauti ya mwanamke aliyejaa ugoro puani, ambaye hakuwahi kuingia kanisani.

Siku ya kuhojiwa, mama alivaa nguo yake nzuri akaenda mbele ya wazee wa kanisa. Alinisimulia siku hiyo hiyo, na akanisimulia tena mara nyingi katika maisha yake, na hakuwahi kuongeza wala kupunguza. Walikaa kwenye benchi, mchungaji katikati. Walimuuliza maswali ya darasa, akajibu yote. Wakamuuliza kama ameacha pombe, akasema hakuwahi kuionja. Wakamuuliza kama anaenda kwa waganga, akasema hapana. Wakafurahi. Kisha mmoja akauliza, kama kumalizia tu, mume wake ni nani na kama naye ameokoka.

"Mume wangu ni mama mmoja mzee," mama alisema. "Bado hajaokoka, lakini namwombea."

Walijua, jamani. Wote walikuwa Wakamba. Mmoja wao alizaliwa kwenye nyumba kama yetu, na siku hiyo, mama alisema, aliangalia viatu vyake mpaka mwisho. Lakini kujua jambo kijijini ni kitu kimoja, na kulisikia likisemwa mbele ya mchungaji na Biblia ni kingine. Wakamtoa nje wakashauriana. Walipomwita tena, mchungaji alimwambia kwa upole kabisa kwamba mwanamke hawezi kuwa mume wa mwanamke, kwamba watoto wake wamepatikana nje ya ndoa, na kwamba nyumba ile ni kamba ya mila iliyomfunga. Hawawezi kumpa maji akiwa bado ndani yake. Kwanza atoke.

"Nikitoka, nani atamchotea maji?" mama aliuliza.

"Bwana atatoa," wakamwambia.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sipendi wale wanaotupa mawe kwa wazee wa zamani kana kwamba wao wangekuwa malaika. Wale wazee wenyewe walikuwa wameacha vitu vyao. Kuna aliyeacha pombe, kuna aliyetengwa na baba yake kwa kukataa kuchinja mbuzi wa tambiko. Kuokoka kwao kulikuwa kuacha, na waliacha kwa machungu, basi wakadhani kila anayekuja lazima naye awe na kitu cha kuacha. Kwa mama hawakupata pombe, hawakupata mganga. Walipata Susu.

Siku ya pili yake walikuwa kwenye kinu na mimi nilikuwa karibu, nachambua mbaazi. Mama akaeleza. Susu alisimamisha mchi wake juu ya kinu, akaushika hapo.

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema."

"Na wewe unasemaje?"

"Ni neno la Mungu, Mwaitu," mama akasema.

"Sijauliza Mungu anasemaje," Susu alisema. "Huyo ni mkubwa, atajisemea mwenyewe. Nimekuuliza wewe."

Mama hakujibu. Nilikuwa na umri wa kutosha kuona kwamba hakuwa anaficha jibu. Alikuwa hana. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. Baba yake alimwambia ameposwa, akaenda. Susu alimwambia zaa, akazaa. Wahubiri walimwambia tubu, akatubu, tena kwa moyo wote. Sasa anaambiwa aseme yeye, na hakujua sauti hiyo inatolewa wapi. Susu alisubiri. Alipoona hakuna kitu kinachokuja alishusha mchi, na wakaendelea kutwanga.

Tuliondoka baada ya mavuno. Tulienda kwa mjomba, kaka yake mama, kule Mukuyuni, mwendo wa kutwa kwa miguu. Kwa mila, watoto walikuwa wa Susu na angeweza kutuzuia, na hakuna mzee wa ukoo ambaye angemlaumu. Alisema watoto waende na mama yao, ila jina tusilipoteze. Kwa mila pia, anayetaka kuvunja ndoa hurudisha mbuzi waliotolewa. Mjomba alituma mtu kuuliza warudishwe lini, na Susu akajibu kwamba zizi lake limejaa. Halikuwa limejaa. Lakini bila mbuzi kurudi, hakuna ndoa iliyovunjika, na mbele ya ukoo mama alibaki mke wa pale.

Kanisani hiyo haikuhesabiwa. Wazee wa Kathonzweni waliwatumia wazee wa Mukuyuni salamu kwamba dada yuko huru. Akabatizwa mtoni, kwenye kidimbwi kilichobaki baada ya mvua. Alipotoka majini anakohoa, wanawake wanaimba, aliangalia juu ya vichwa vya watu, upande huu na upande ule, akitafuta mtu. Nilijua anamtafuta nani. Hata mimi nilikuwa namtafuta.

Sasa nataka kusema jambo moja kwa haki, maana nina ulimi na watu wa nyumbani wananiambia kila siku: mama yangu alikuwa Mkristo wa kweli. Siyo wa kitambaa cha kichwa na Bwana asifiwe. Kulikuwa na mwanamke pale Mukuyuni aliyeungua moto, kidonda chake kinanuka mpaka jamaa zake walikuwa wanamwekea chakula mlangoni na kukimbia. Mama alienda kumwosha asubuhi na jioni mpaka akapona. Kulikuwa na mwendawazimu wa soko aliyekuwa akitupia watu mawe, na mtu pekee ambaye hakumtupia ni mama, kwa sababu alimpa uji kila siku na kumwita kwa jina lake la nyumbani. Wanawake wa kanisa walipounda kikundi cha kutembelea wagonjwa na wajane, walimweka yeye mbele. Alitembea vijiji vyote vya karibu na kiondo begani, ndani yake unga, sabuni na kitabu cha nyimbo ambacho hakuweza kukisoma. Watu wengi waliokoka kwa ajili yake, na hakuwahubiria. Waliona tu.

Na pamoja na wajane wote hao aliowatembelea, kuna mmoja ambaye hakuenda kwake. Siku mmoja wa wanawake alipomwuliza, mbele yangu, kama bado anamkumbuka yule mwanamke wa Kathonzweni, mama alisema anamwombea kila siku. Ilikuwa kweli. Nililala naye chumba kimoja, nilisikia. Lakini kwenda hakwenda, kwa sababu walimwambia kwamba kukanyaga boma lile ni kuitamani Misri, na ataanguka, na wale aliowaleta kwa Bwana wataanguka pamoja naye.

Mimi ndiye niliyekwenda, kila shule ilipofungwa. Mama alinipa sabuni na sukari na salamu. Susu alipokea salamu kwanza, akataka niziseme polepole. Aliniuliza mama anakula nini, nani anatwanga naye, kama mgongo bado unamuuma wakati wa baridi. Hakusema neno baya hata moja juu yake, na mimi nilitamani aseme, ili nipate mtu wa kukasirika naye pamoja. Macho yake yalianza kuingia ukungu. Kila mwaka nilimkuta anaona kidogo kuliko mwaka uliopita, mpaka likizo moja akaniambia nisogee karibu, akanishika uso kwa mikono yote miwili ili ajue nimekua vipi.

Maji alichotewa na jirani, mwanamke aliyeuza pombe ya kienyeji. Kanisa la Kathonzweni lilikuwa likimwombea huyo mwanamke kila mkesha, aache biashara ile ya shetani. Alikuwa na mdomo mchafu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Alfajiri alienda mtoni, akachimba mchanga mpaka maji yakatoka, akajaza mtungi wake na mtungi wa Susu, akaweka wa Susu mlangoni akitukana jua, mchanga, na serikali. Nilimuuliza siku moja kwa nini anafanya hivyo. Alinitazama kama mjinga. "Kwani atakunywa nini?" akasema.

Miaka ikaenda. Nilimaliza shule, nikaolewa Kitui. Mama akazeeka kidogo, kwenye magoti kwanza. Kila nikija kumwona aliniambia baada ya mavuno ataongea na wazee wa kanisa juu ya Susu. Baada ya Pasaka. Baada ya mkutano wa akina mama. Siku moja nilishindwa kuvumilia nikamwambia, "Mama, Mungu ana mdomo, na wewe una miguu." Alinikanya nisimtaje Mungu hivyo. Kisha akaenda jikoni, na nikamsikia akilia taratibu, na moyo ukaniuma kwamba ulimi wangu ndio uliomliza na miguu yake bado haijasogea.

Mwisho alikuja mchungaji mpya, kijana, ametoka chuo. Mama alimweleza habari yote, na yule kijana alishangaa. Alimwambia kumtunza mwanamke mzee asiyeona hakuwezi kuwa dhambi, na kwamba hajui nani alimfundisha hivyo. Nenda, mama, akamwambia. Nenda kabisa, kanisa liko nyuma yako. Mama alinitumia neno Kitui nije haraka. Nilipofika nilimkuta amefunga mzigo tayari: unga, blanketi, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupaka. Uso wake ulikuwa wa msichana. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada.

Tulifika Kathonzweni mchana, mimi na mtoto wangu mgongoni. Susu alikuwa ameketi nje ya nyumba. Alisikia miguu akageuza kichwa. Mama alipiga magoti mbele yake akasema, "Mwaitu, ni mimi." Susu alimshika uso kama alivyonishika mimi. Vidole vyake vilikaa hapo kwa muda, kwenye paji, mashavuni, kidevuni. Machozi yalimtoka Susu, yakamtoka mama, na mimi nilijishughulisha na mtoto.

"Karibu mgeni," Susu akasema.

Mama alidhani ni mzaha wa zamani, akacheka. Akainuka, akauona mtungi mlangoni, akauchukua aende mtoni.

"Wacha huo," Susu alisema. "Mgeni hachoti maji."

Akaniambia nimletee mama kiti. Siyo gogo la jikoni ambalo mama alikuwa akilikalia miaka yote aliyoishi pale. Kiti, cha wageni, chenye mgongo. Mama alikikalia kwenye ncha. Jirani muuza pombe akapita, akamwona, akatema mate pembeni, akaingia kuwasha moto bila kuuliza chochote kiko wapi. Chakula kilipoiva mama alipakuliwa wa kwanza, kwenye sahani nzuri. Nakuambia, hakuna tusi la mwanamke yule jirani lililowahi kuuma kama sahani ile.

Mama akala kidogo, kisha akasema kwa sauti ya utani, lakini haikuwa utani, "Mwaitu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Susu alitabasamu. Meno yalikuwa yamebaki machache. "Basi kaa mpaka siku ya tatu," alisema. "Nitakupa jembe mimi mwenyewe. Na kinu bado kipo."

Nilimtazama mama. Nilitaka kumsukuma. Neno moja tu, ndiyo, na miaka yote ile ingepata pa kukaa.

"Nilimwambia mchungaji nitarudi kesho," mama akasema. "Kuna mkutano wa akina mama. Sikuomba ruhusa ya kulala siku nyingi. Wacha nirudi niage vizuri, Mwaitu, kisha nije kabisa."

Susu alitafuta ugoro wake kwenye pindo la nguo, akavuta, akapiga chafya. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimwambia, "Ulipotoka hapa uliambiwa. Leo umekuja, umeambiwa. Nenda, mwanangu. Siku utakayokuja bila kuambiwa na mtu utakuta mlango wazi."

Njiani kurudi mama alitembea mbele yangu. Mimi nilisema, tena sana, na sirudii hapa niliyoyasema.

Mtu angedhani kwamba baada ya maneno yale angegeuka kesho yake. Hakugeuka. Alifanya alichojua kufanya: alipeleka jambo kwenye maombi. Aliwaomba akina mama wafunge pamoja naye ili aonyeshwe wazi kama ni mapenzi ya Mungu ahame. Wakafunga. Mmoja akaona ndoto nzuri, mwingine akaona ndoto mbaya, wakakubaliana wafunge tena. Mvua ikaja na kila mtu akaenda shambani. Mama alingoja kuambiwa lini aende pasipo kuambiwa. Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe nimewahi kucheka, halafu nikashindwa kumaliza kicheko.

Miaka ya tisini, akiwa kitandani nyumbani kwangu Kitui na sote tukijua hatainuka tena, alinishika mkono akaniambia, "Nilifikiri kumfuata Yesu ni kutouliza." Nikamwambia alifanya mengi mazuri. Akasema, "Nilifanya. Lakini nilimwacha mtu wangu." Nilitafuta neno la kumfariji na sikulipata, na nina huzuni mpaka leo kwamba sikulipata, mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia. Lakini hiyo ilikuwa baadaye sana. Acha nimalize habari ya Susu.

Alikufa mvua zile zile zikiendelea. Ni jirani yake aliyemkuta. Ukoo ukatupa habari, mimi na mama na baadhi ya akina mama wa Mukuyuni tukaenda mazishini, na mchungaji kijana akaja pia, maana wakati huo hata mtu ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa hakuzikwa tena bila mhubiri. Udongo ulikuwa umelowa na mzito. Watu walijaa. Jirani muuza pombe alisimama peke yake karibu na kaburi, kanga yake ina masizi ya moto wa kuwapikia waombolezaji.

Jeneza liliposhushwa, mzee wa ukoo, kaka mdogo wa marehemu mume wa Susu, aliinua fimbo watu wanyamaze. Anayetangulia kutia udongo ni mwenye nyumba. Mzee yule angeweza kuniita mimi, mtoto. Angeweza kuruka jambo lote kimya kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mke wa boma hili yuko wapi? Aje."

Hakuna aliyenung'unika. Watu waligeuka, wakafungua njia kuanzia pale tulipokuwa na akina mama wa kanisa mpaka kwenye ukingo wa kaburi. Njia ilikuwa fupi. Mama alitoka. Alitembea mpaka nusu yake, kisha akasimama, akageuza kichwa kumtazama mchungaji.

Hangekataa, yule kijana. Namjua. Angemwambia nenda, mama, na machozi yangemtoka. Lakini alikuwa ameinamia kitabu cha nyimbo, analowesha kidole kwa ulimi na kufungua kurasa, anatafuta wimbo. Hakumwona.

"Mama, nenda," nikasema, na nilisema kwa sauti.

Alinisikia. Kila mtu alinisikia. Macho yake hayakutoka kwa mchungaji. Mzee wa ukoo alingoja na fimbo yake juu, akangoja zaidi ya inavyofaa mazishini, kisha fimbo ikashuka. Jirani alijifuta mikono kwenye kanga. Aliinama, akachukua udongo kwa mikono miwili, akautia, na tukausikia ukigonga mbao. Wenye majembe wakasogea.

Hapo ndipo mchungaji alipoupata ukurasa wake. Akainua macho, akamwona mama amesimama peke yake katikati ya njia, mikono imefunguka, na hakuelewa anafanya nini pale.

"Mama, sogea kidogo," akamwambia kwa upole. "Tuwapishe wenye majembe."

Akasogea.